Mkupuo na Mtiririko

Mtaa mzima ulimwita Mama King'ora, na mwenyewe aliitika. Kabla ya hapo alikuwa Mke wa Fundi, na kabla ya hapo alikuwa yule mrefu anayeshona mapazia, kwa hiyo tuseme alikuwa amepanda cheo. Mdomo alikuwa nao, hilo halina ubishi. Alikukaribisha sebuleni kwake, akakumiminia chai, akakuuliza hali ya mtoto wako mwenye kikohozi, na kabla chai haijapoa umeshasaini. Wala usidhani alikuwa tapeli. Kila alichomwambia mteja alikiamini kwa moyo wake wote, na balaa lilianzia hapo.

Alichouza ni hiki: kisanduku cheupe, ukubwa wake ni wa kipande cha sabuni, kinachofungwa kwa ndani juu ya mlango. Mlango ukifunguliwa kabla hujakizima kwa rimoti, kinapiga kelele mpaka meno yanauma. Kisanduku chenyewe ni mali ya kampuni. Mteja analipa ada kila mwezi, na akiacha kulipa, fundi anakuja kukifungua, anabandua na ile stika nyekundu ya mlangoni iliyoandikwa NYUMBA HII INALINDWA. Duka hakuwa nalo, ofisi hakuwa nayo. Biashara yote ilikuwa pale kati ya kochi na friji, na king'ora kimoja cha maonyesho kilibandikwa kwa gundi juu ya mlango wa chumba cha binti yake.

Lakini king'ora kikilia na watu wasitoke kina faida gani? Basi akawafundisha. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikiliza kile cha maonyesho, na sheria ilikuwa moja: ukisikia, unatoka na chochote ulichoshika, unakimbilia nyumba inayolia, mnaizunguka. Lo, watu walivyocheka! Kinyozi alitoka na mashine yake, mteja anamfuata nyuma amenyolewa nusu kichwa. Wanawake walitoka wakigonga vifuniko vya sufuria. Muuza nyama alitoka na panga la buchani bado linachuruzika, watu wakampigia makofi. Na Karani, yule mzee mstaafu wa nyumba ya kona, alisimama barazani na saa yake mkononi akiwafokea: "Leo mmechelewa! Mwizi ameshakula na kunawa!"

Kazi yenyewe ililetwa na Mlezi. Kampuni ile haikuwa na mabosi, eti ilikuwa na walezi, na huyu wa kwao alikuwa mwanamke mwenye manukato ya kukufikia kabla yeye hajafika. Siku ya kwanza aliketi kwenye kochi lao la zamani na kuchora ndoo na bomba kwenye kipande cha karatasi.

"Kwetu malipo ni ya aina mbili," alisema. "Ndoo ni mkupuo. Kila king'ora kinachofungwa, unalipwa chako chote wiki hiyo hiyo, halafu wewe na mteja hamjuani tena. Bomba ni mtiririko. Hapo unapata kijisehemu tu cha ada yake, lakini unakipata kila mwezi maadamu analipa. Umelala, kinaingia. Unaumwa, kinaingia."

"Na akiacha kulipa?" aliuliza Mama King'ora.

"Akiacha, bomba limekauka."

Fundi, mumewe, alicheka. Alikuwa fundi umeme, mtu wa kulipwa akimaliza kazi. "Mimi nipe changu mkononi," alisema. "Kusubiri-subiri tuwaachie wenye mashamba."

Basi wakagawana. Kila mlango ulikuwa na mafungu mawili, la anayefunga na la anayemtunza mteja. Fundi akachukua mkupuo, mkewe akachukua mtiririko, wakapeana mikono mbele ya Mlezi na kucheka kama watu wanaooana mara ya pili.

Mwanzoni Fundi alikuwa mfalme. Alifunga ving'ora asubuhi na jioni, akaleta kochi jipya, akaleta runinga pana kuliko meza ya kulia. Na utani haukumwisha. "Haya mama, mtiririko wako umefika wapi? Umeshajaa kikombe?" Mkewe alimeza. Aliendelea kuwapitia wateja wake, kuwabadilishia betri, kuwasikiliza magonjwa yao na wakwe zao, maana mtu wa mtiririko hawezi kuuza akaenda zake, lazima apendwe.

Halafu nyumba zikaisha. Mtaa una mwisho wake, jamani, hauvutiki. Ikafika siku kila mlango una stika nyekundu na Fundi hana pa kufunga. Sasa ada ya shule ya binti ililipwa na kile kikombe. Gesi, kikombe. Vocha ya simu ya Fundi, kikombe. Siku moja aliomba hela ya kunyolewa, binti yao yupo pale pale anafanya hesabu zake, na mkewe akampa bila neno. Toka siku hiyo Fundi akawa mkimya, na ukimya wa mtu aliyezoea kusema unajaza nyumba.

Na bado lilikuja la pili. Watu walianza kuacha. Kisa? Amani! Hakukuwa na mwizi, na mtu asiyeibiwa hukaa akajiuliza ada anailipia nini. Jioni mezani Mama King'ora alimwaga sumu yake yote, akiwataja mmoja mmoja. "Muuza nyama kaacha! Pikipiki ananunua, king'ora anaona gharama! Na yule mwalimu wa nyumba ya geti la bluu, naye kaacha!"

"Nani mwingine?" Fundi aliuliza huku akitafuna.

Akamtajia. Moyoni alifurahi, aliona amepata tena mume anayesikiliza. Mlezi alipopiga simu kumtia moyo, alimwambia jambo ambalo hakulijua: mteja akiacha kisha akarudi, kwa mtu wa mkupuo anahesabiwa mpya, na Fundi analipwa upya tangu mwanzo. "Mwambie mumeo asikate tamaa," alisema Mlezi. Na yeye akamwambia. Kwa mdomo wake mwenyewe, huku akimwongezea mchuzi.

Nyumba ya kwanza kuvunjwa ilikuwa ya Muuza nyama. Mchana kweupe, saa ya watu kuwa makazini, mlango umetekuliwa kwa ustadi na vitu vidogo vidogo vimebebwa. Mtaa ukachachamaa. Wiki haijaisha, Muuza nyama karudi kwenye king'ora, na nyumba nyingine tatu zilizokuwa zikisitasita zikatulia. Baadaye ikavunjwa nyumba ya geti la bluu. Mwalimu naye akarudi, mbio. Watu wenyewe walipata jibu: stika ikibanduliwa inaacha alama safi ya mraba mlangoni, na mwizi, mshenzi huyo, anaisoma. Mama King'ora alilishika jibu hilo kwa mikono miwili. Aliwapa wateja pole ya kweli, akalia nao, akawasainisha. Usiku alipolala aliona aibu kidogo kwamba mambo yalikuwa yamenyooka. Fundi alikuwa anapiga mluzi tena.

Kisha ikawa zamu ya Karani.

Karani alikuwa ameacha king'ora kwa hasira tu, baada ya kubishana kuhusu betri. Siku kama ile watu wote walijua huwa anacheza bao mpaka mchana, ila mafua yalimlaza kitandani. Alisikia mlango, akatoka na fimbo yake, akasukumwa. Mzee aliangukia pembe ya kabati, nyonga ikavunjika, na mwizi akaondoka na redio.

"Nilikuwa chini, nilichoona ni miguu," aliwasimulia waliokwenda kumwona hospitali. "Hana viatu, jamani! Ana soksi!"

Wodi nzima ikaangua kicheko. "Mwizi ana adabu kuliko wakwe zangu!" alisema Kinyozi. Mama King'ora alicheka pia, kisha akakumbuka. Kampuni ilikuwa na amri moja kwa mafundi wake: huingii nyumba ya mteja na viatu. Mlezi aliwakazania sana. Fundi alibisha mwanzoni, akaizoea, mwishowe hata nyumbani kwake mwenyewe alivua viatu mlangoni na kuvipanga sambamba, pua zikitazama nje.

Karani aliporudishwa kwake na magongo mawili, Mama King'ora alimpelekea supu. Mzee alimwangalia alivyokuwa anaipoza, kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu? Ile soksi ilikuwa imetoboka kisigino, ikashonwa kwa uzi wa njano. Njano kabisa. Nikisema watu wataniona nimechanganyikiwa."

"Pole baba," alisema. "Maumivu yanamwonyesha mtu mengi. Kunywa kabla haijapoa."

Alimlisha mpaka bakuli likaisha. Mkono haukumtetemeka, na jambo hilo lilimtisha kuliko lile alilosikia.

Uzi wa njano ulikuwa wa mapazia. Ulibaki kibiringo kizima siku alipoacha kushona, na nyuzi za kijivu zilipomwishia alitumia huo kushonea soksi za Fundi. Soksi zenyewe alizikuta kwenye kamba uani, mbichi bado, alizifua mwenyewe asubuhi. Alizishika kisigino kwa muda. Akajiambia uzi wa njano unauzwa kila mahali. Akajiambia mzee alikuwa na homa. Akazirudisha kwenye kamba na kuzibana kibanio, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kuzifanya.

Simu ya Mlezi iliingia jioni hiyo hiyo. "Hongera mpenzi! Mtaa wenu unaongoza! Mnafanyaje huko?" Alisema ni bidii tu. Akakata simu.

Angemwambia mumewe, utasema. Angemkalisha chini. Haya, kalisha wako uone. Huyu alikuwa baba wa mtoto wake, mtu ambaye hakuwahi kumwinulia mkono, aliyembeba mgongoni siku alipoteguka mguu. Na swali lenyewe lingetoka kinywani kwa namna gani, "Nipe chumvi, na je, ndiye wewe?" Alichofanya ni kuacha kutaja majina mezani. Alidhani ndiyo dawa.

Ndipo akaja Mkunga.

Mkunga aliishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwao. Chumvi alikuwa ameila nyingi, macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini ulimi ulibaki kijana. Ndiye aliyempokea binti yao siku kitovu kilipomzunguka shingoni, mtoto wa bluu, kimya. Wengine walishaanza kushika vichwa. Mkunga alimpulizia pumzi kinywani mpaka akalia. Mama King'ora alimheshimu kuliko mama yake mzazi, na hilo hakulificha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kukwambia nimeachana na kelele zako," alisema Mkunga, akipapasa kochi kabla ya kukaa. "Dawa za macho zimepanda, siwezi kulipa vyote viwili. Na mimi nina nini cha kuibiwa? Paka?"

Mama King'ora alimshika mkono. "Mama, usiache. Nitakulipia mimi."

"Thubutu! Unilipie kwani nimekuwa mtoto wako?"

"Basi kaa nacho bure, stika ibaki tu mlangoni, mama yangu, nakuomba..."

"Mbona unaniomba hivyo? Stika haipo. Nimempigia mumeo simu asubuhi, amekuja kufungua. Kijana mwenye adabu yule, kavua viatu mpaka soksi nimezisikia zikisugua sakafu." Akacheka. Kisha akatoa ufunguo wake kwenye fundo la khanga. "Alhamisi naenda kliniki. Nilishie paka. Ila foleni ikiwa ndefu narudi zangu, sina umri wa kumalizia kwenye benchi."

Jioni ile Mama King'ora hakumtaja mtu. Walikula wali wao, binti akaenda kulala.

"Mkunga kliniki yake bado ni Alhamisi?" aliuliza Fundi.

"Sijui."

"Huwa ni Alhamisi," alisema Fundi, akaomba maji.

Hapo ndipo Mama King'ora alipoacha kujidanganya, au karibu aache. Kumwonya Mkunga asiende? Angekuwa ndani, na aliyekuwa ndani mara iliyopita sasa anatembelea magongo. Kwenda kituoni? Angesema nini, soksi? Na mtaa ukisikia kabla ya polisi... alikumbuka panga la buchani, hakutaka kumaliza wazo lile. Alichotaka ni kimoja: yule bibi asiguswe. Na chini ya hicho alitaka kingine, kwamba mlango ule usifunguke kabisa, ili arudi nyumbani amwombe mumewe msamaha moyoni kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Alhamisi Fundi alitoka mapema na mfuko wake wa vifaa. Alisema kuna kazi upande wa pili wa barabara kuu. Alipoinama kuvaa viatu, kisigino cha njano kilichungulia.

Mkewe alisubiri binti aende shule. Akakibandua king'ora cha maonyesho, akachukua gundi na rimoti, akaenda kwa Mkunga. Alikibandika juu ya mlango kwa ndani, akafunga kwa ufunguo, akaketi kwenye kigoda jikoni na paka mapajani. Nyumba ilinuka dawa ya macho na nguo za kale. Alihesabu vigae vya ukuta, akavisahau, akavihesabu tena. Paka alikuwa wa kwanza kuinua masikio.

Hatua zilikuja mpaka kizingitini, zikasimama. Kisha akasikia kiatu kinavuliwa. Kikawekwa chini, taratibu. Kisha cha pili.

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo, "hapana, hapana."

Bisibisi iliingia kwenye upenyo wa mlango, mbao zikalia, kitasa kikaachia. Mlango ulifunguka na king'ora kikaanza kupiga kelele.

Fundi hakukimbia. Alitazama juu kwanza, kwa jicho la kazi, kama mtu anayekagua. "Nani kakifunga hiki? Kimekaa upande," alisema, na nadhani hata mwenyewe hakujua amesema. Kisha akamwona mkewe amesimama mlango wa jikoni, rimoti mkononi.

"Zima!"

"Angekuwepo ungemfanya nini?"

"Hayupo! Najua hayupo! Zima hiyo!"

"Karani alikuwepo!"

"Alinishtua! Sikukusudia!" Alikuwa anapiga kelele juu ya kelele, mishipa imemtoka shingoni. "Mimi siyo mwizi! Redio yake nimeitupa jalalani, vya Muuza nyama nimevitupa, hata kijiko sijauza! Watu walikuwa wanaacha, nikawarudisha, basi! Unafikiri mtiririko wako nani kaushikilia? Ada ya shule imetoka wapi? Nani alikuwa ananitajia majina, kila jioni, mmoja mmoja? Ni nani?"

Na huko nje vifuniko vya sufuria vilikuwa vimeanza.

Aliwafundisha vizuri, masikini. Walikuja kutoka pande zote mbili kama alivyowaelekeza, wa juu wakishuka, wa chini wakipanda, wanaizunguka. Safari hii hakuna aliyecheka. "Kwa Mkunga! Ni kwa Mkunga!" Sauti ya Muuza nyama iliwazidi wote: "Asitoke mtu! Leo amefika!" Kupitia pazia aliliona panga, kavu, limeinuliwa juu ya vichwa. Aliona mawe. Aliona mwanamke aliyemuuzia king'ora mwezi wa kwanza, mpole kabisa yule, ameshika mchi.

Bisibisi ilimponyoka Fundi. Uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mdogo. "Mke wangu," alisema, na kelele zilimmeza lakini mkewe aliisoma midomo.

Neno moja lilitosha. Angesema "Ndiye," na asingehitaji hata kuongeza kitu. Karani angepata haki yake, Mkunga angelala salama, na binti yao angerudi kutoka shule saa nane akute umati.

Alibonyeza rimoti. Kelele zikakatika, mpaka vifuniko vya sufuria vikasita. Akajipangusa uso kwa kiganja, akatoka kizingitini, na tabasamu likaja lenyewe, lile la sebuleni, la chai.

"Ni zoezi, jamani! Zoezi tu!"

"Zoezi gani Alhamisi?" Muuza nyama alikuwa anahema, panga bado juu.

"Kwani mwizi anafuata ratiba yenu? Nilitaka niwaone hamjajiandaa. Nimemwambia Fundi ajifanye ndiye yeye. Na mmefika, jamani, mmefika upesi!"

Waliangaliana. Kinyozi ndiye aliyetazama chini. "Viatu vya Fundi hivi," alisema. Vilikuwa pale kizingitini, sambamba, pua nje. "Mwizi gani anapanga viatu?" Mtu akacheka, mwingine akadakia, na kicheko kikawapitia wote kwa mkupuo. Walikuwa wameogopa, masikini, na sasa wanaona raha. Panga likashuka. "Ningekuua bure, bwana!" Muuza nyama alimvuta Fundi nje na kumpiga mgongoni kwa furaha, na Fundi alicheka naye, meno yakigongana.

Mkunga alifika wakiwa bado wanacheka. Foleni ilikuwa ndefu, amerudi zake. Walimpisha. Alipitisha vidole kwenye mlango wake, vile vidole vilivyozoea kuona gizani, vikafika palipochimbwa na bisibisi na kusimama hapo. Alivuta pumzi kwa pua. Alimgeukia Mama King'ora, akageuza tena uso upande alikosimama Fundi na soksi zake.

"Nipe ufunguo wangu," alisema.

"Mama..."

"Ufunguo, mwanangu."

Akampa. Mkunga aliingia ndani na kuurudishia mlango, ambao haukufungika tena vizuri. Walisikia anasukuma kabati kuja mlangoni.

Wa mwisho kabisa alikuwa Karani. Magongo yalimchelewesha, na watu walimtania. "Mzee, leo umechelewa wewe! Mwizi ameshakula na kunawa!" Alisimama mbele ya Fundi aliyekuwa ameinama kuvaa kiatu, akatazama chini. Mama King'ora aliona anapotazama. Alitazama kisigino kile mpaka kikaingia ndani ya kiatu na hata baada ya hapo. Alipoinua kichwa hakumwangalia Fundi, alimwangalia yeye, aliyemletea supu, aliyemwambia ni maumivu.

Mama King'ora alikumbuka kwamba mzee huyu aliwahi kumfokea mbele za watu kwa ajili ya betri. Sasa sauti ilimtoka laini, ya mtoto anayeomba asichapwe.

"Na mimi nifungieni tena kile king'ora," alisema Karani. "Leo, kama mna nafasi. Nitalipa kila mwezi, mwanangu. Sitachelewa."

Watu wakashangilia. Fundi alikuwa ameshaokota mfuko wake wa vifaa. Mteja akirudi kuna maneno ambayo kampuni inataka aambiwe, na Mlezi aliwakaririsha mpaka yakawakaa. Mama King'ora alifungua mdomo ili aseme kitu kingine, chochote, na akajisikia anayasema.

"Asante, baba. Karibu tena nyumbani."